Jina la Baba kwenye Ruta

Kazi yangu ni kuwaunganishia watu mtandao, na shukrani yake ni ndogo. Ninafunga antena juu ya mapaa, ninaweka ruta, ninawabadilishia watu nywila walizozisahau wenyewe halafu lawama zote zinanirudia mimi. Kibanda changu kiko Masasi. Wanaume wakinikuta juu ya bati, bisibisi mdomoni, huniuliza fundi yuko wapi. Huwajibu kwamba fundi ameenda kunywa chai, wamsubiri hapohapo juani. Wapo waliosubiri kweli.

Siku hiyo nilikuwa Chiungutwa, juu ya bati la duka la pembejeo, nikielekeza antena upande wa mnara. Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Nikadhani ni mteja mwingine wa kunigombeza. Kumbe ni taarifa ya tangu alfajiri, iliyochelewa kunifikia, kutoka kwenye ruta ya mama, kule Newala: kifaa kimeunganishwa. Jina la kifaa: Mwalimu.

Baba yangu alikuwa mwalimu. Jina hilo aliliandika mwenyewe kwenye simu yake siku niliyomnunulia, kwa kidole kimoja, huku amevaa miwani na kukunja uso kana kwamba anasahihisha mtihani. Na baba tulikuwa tumeshamzika, arobaini yake imeshapita.

Niseme jinsi nyumba ile ilivyounganishwa, maana bila hilo hutanielewa. Baba alipoanza kuugua niliwawekea wazazi mtandao. Ruta iko sebuleni. Lakini ukuta wa tofali unazuia mawimbi, na bati ndiyo kabisa, linayarudisha yalikotoka. Mama hakai sebuleni. Maisha yake yako uani, kwenye jiko na tangi la maji ya mvua. Kwa hiyo nikafunga antena ndogo ya waifai chini ya upenu, ikitazama nyuma. Nyuma ya ua kuna mikorosho, na kwenye mikorosho hiyo ndiko tunakozika watu wetu. Sikuwaza chochote wakati ule. Nilichotaka ni mama apate mtandao jikoni. Kumbe nilikuwa nimewapelekea mtandao mpaka marehemu.

Nikiwa Masasi naweza kuiangalia ruta ile kwa simu yangu. Inaniambia nani ameingia, saa ngapi, na mawimbi yake yana nguvu kiasi gani. Majina watu wanaweza kudanganya, kwa hiyo nikatazama namba ya kifaa, ile ambayo simu hutoka nayo kiwandani. Ilikuwa ileile. Niliijua kwa sababu niliisajili mimi. Bisibisi ikaniponyoka, ikabingirika juu ya bati hadi chini, na mwenye duka akatoka akipiga kelele kwamba nataka kumtoboa kichwa.

"Samahani, mzee wangu," nikamwambia. Nadhani sauti yangu ilimtisha, maana alikuja palepale kunishikia ngazi nishuke.

Jambo la kwanza nililolifikiria halikuwa mzimu. Nilifikiria sauti. Baba alilazwa Mtwara muda mrefu, na mama mwenyewe miguu yake haimruhusu safari za kila mara. Basi kila alfajiri baba alikuwa akimrekodia ujumbe wa sauti na kumtumia. Baada ya kumzika, mama akiswali alfajiri hukaa kwenye mkeka, anaweka simu sikioni, anazisikiliza zile sauti moja baada ya nyingine. Picha za baba anazo, nguo zimeshagawiwa, lakini sauti yake haiko mahali pengine popote. Nilijua kabisa kwamba zile sauti zikipotea, mama atamzika mumewe mara ya pili, na safari hiyo sijui kama angeinuka.

Nikampigia.

"Mama, shikamoo. Habari za huko?"

"Marahaba. Nzuri. Baba yako amenisalimia asubuhi."

Jamani. Nilikaa chini kwenye ndoo ya rangi ya watu.

"Amekusalimiaje?"

"Ameandika. Siku hizi anaandika tu. Leo baada ya salamu kaniomba namba fulani zilizoingia kwenye simu yangu, nikampa. Sasa hii simu sijui imekuwaje, inaniambia nimetoka. Nimetoka kwenda wapi, na mimi niko eda?"

Sikumaliza kazi ya Chiungutwa. Nilimwambia mwenye duka nitarudi, nikapanda pikipiki hadi barabarani, nikapata gari la Newala. Njia nzima nilikuwa nikimwomba Mungu mama asimpe simu ile fundi yeyote wa sokoni, maana najua dawa yao ni moja tu, kufuta kila kitu. Gari lilipoanza kupanda uwanda wa juu tuliingia kwenye ukungu, dereva akawasha taa, na abiria waliokuwa wakibishana habari za salfa, dawa ya mikorosho, wakafunga madirisha. Mimi na mantiki yangu yote ya mawimbi nilikuwa nasoma Ayatul Kursi kimoyomoyo.

Nilimkuta mama mzima, amejitanda kaniki, anachambua mbaazi. Nikaichukua simu kabla ya salamu kuisha. Zile sauti zilikuwepo bado, zimekaa kwenye kabrasha lake ndani ya simu. Ila akaunti yake ya meseji ilikuwa imehamia kwenye simu nyingine, mkononi mwa mtu nisiyemjua. Nikapandwa na hasira, na hasira yangu siku zote humwangukia aliye karibu.

"Mama, zile namba umempa nani?"

"Nimempa baba yako, nimekwambia."

"Baba yangu amekufa!"

"Astaghfirullah! Punguza sauti, majirani wanasikia. Kwani hakukalishwa? Si ulikuwepo?"

Hapo ndipo nilipoelewa, nikaona aibu kwa kumdhania mama yangu kwamba amerukwa na akili. Kwetu mtu akifariki, jina lake haliachwi chini. Ukoo wake hukaa, wakamchagua mpwa wake, mtoto wa dada yake, wakamkalisha kwenye mkeka na kumpa jina la marehemu. Tangu hapo yeye ndiye. Waliomwita marehemu kaka watamwita yeye kaka, watoto wa marehemu watamwita baba. Mama anamwita "Baba" na kutia jina langu, vilevile alivyomwita mumewe. Binamu yangu huyo ni wa rika langu, tumechezea tope pamoja, na mimi kumwita baba niligoma tangu siku ya kwanza. Nilisema nina kazi Masasi, nikaondoka kabla ya pilau.

Kwa hiyo mama hakudanganywa na mzimu. Namba ya marehemu imemwandikia, na marehemu yupo, amekalishwa mbele ya watu. Mwenye jina anaomba namba, atanyimwaje? Nimesoma maonyo mengi ya wizi wa mitandaoni, na hakuna hata moja linalomfikiria mama wa Newala ambaye mumewe amekufa na yupo.

"Lakini simu ya baba anayo yeye?" nikauliza.

"Mwenye jina ndiye mwenye vitu. Mimi sikuwa kwenye mgao, wewe pia hukuwepo."

Kweli. Vitu vya baba viligawiwa na ukoo wake, na sisi watoto tu wa ukoo wa mama. Nikampigia binamu, simu yake haipatikani. Nikampigia mkewe, Mnyambe. Akasema mumewe ametoka tangu juzi kwenda kupulizia mikorosho, hajui mikorosho ya nani, na simu ya marehemu yeye hajaiona kwa macho yake. Nikakata simu.

Kabla ya kulala niliomba namba mpya za uthibitisho kwenye laini ya mama, zikaja, nikairudisha akaunti yake na kuiwekea kufuli la pili. Aliyeiteka alikuwa bado hajaifunga. Nikazihamishia zile sauti kwenye kompyuta na kwenye flashi. Hapo nikashusha pumzi. Lakini mtu alikuwa ameshakaa ndani ya akaunti ile siku nzima, na sikujua amechukua nini.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, hata tangi la maji hulioni. Mama alikuwa kwenye mkeka wake, sauti ya baba inamtoka sikioni kidogokidogo: "Mama fulani, umeamkaje? Mbuzi umewafungua?" Kwa kawaida ndiyo yalikuwa mapenzi yao, habari za mbuzi. Mimi nimesimama uani na simu yangu, nimeifungua ruta.

Mwalimu akaingia.

Nguvu ya mawimbi huandikwa kwa namba yenye alama ya kutoa. Namba ikiwa kubwa, kifaa kiko mbali. Ikipungua, kinasogea. Ilianza juu kabisa, pale ambapo mtandao unakaribia kukatika, yaani mwisho wa mikorosho, yaani makaburini. Ikatulia hapo. Halafu ikaanza kupungua. Majani yenye maji hunywa mawimbi, kwa hiyo ilikuwa inapungua, inaongezeka, inapungua tena, kulingana na huyo anayetembea kupita nyuma ya mti na kutokea. Nilikuwa namwona anavyotembea bila kumwona. Kifaa cha baba yangu kilikuwa kinakuja nyumbani.

Marehemu bibi alikuwa akitusimulia habari za mahoka, roho za waliotangulia, kwamba zikija hazibishi hodi. Mimi huwa nacheka. Asubuhi ile sikucheka.

Kwenye ukungu pakatokea umbo. Lilikuwa limevaa koti la kaki la baba, lile lenye mfuko uliochanika, na mabega limeyakunja vile alivyoyakunja baba. Uso wote umefungwa kitambaa, nyusi za njano. Nyuma yake hewa nayo ilikuwa ya njano, inanuka kiberiti.

"Mtume!" nikapiga yowe.

Umbo nalo likapiga yowe, likaangusha pampu ya salfa.

"Wewe mwanamke una wazimu?" Akashusha kitambaa. Ni binamu yangu. "Unataka kuniua, nizikwe mara mbili?"

Nilicheka hadi nikalia, au nililia kwanza, sikumbuki. Yeye akabaki palepale mpakani mwa ua, hakusogea. Mama yuko eda, na mwanamume anayeweza kuja kumwoa hana ruhusa ya kuingia. Kumbe ndiyo sababu hakuwahi kubisha hodi. Alikuwa akija kila alfajiri kupulizia mikorosho ya mjomba wake, majani yakiwa bado yana umande ili salfa ishike, na simu ya marehemu ikifika pale hujishikia mtandao yenyewe kwa sababu nywila ilikuwemo. Akifika anamwandikia mama salamu, anafanya kazi, anakwenda kulala kwa jamaa yake mtaa wa pili. Simu yake mwenyewe ilikuwa imekufa betri.

"Hunisalimii?" akaniuliza.

"Lete hiyo simu."

Akaniletea kwa kuiweka juu ya kisiki na kurudi nyuma. Nikaifungua. Sikuhitaji kutafuta sana. Palikuwa na apu yenye picha ya korosho, eti ya kuangalia zamu ya mgao wa salfa. Haikutoka kwenye duka la apu. Ilitumwa kama faili kwenye kundi la wakulima, akaibonyeza, ikaomba ruhusa, akakubali zote. Ikaruhusiwa kusoma meseji, kufungua mafaili, kusikiliza kupitia maikrofoni, na baya kuliko yote, kuigusa skrini badala ya mwenye simu.

"Sasa hebu niambie," nikamwambia, "apu ya salfa inataka maikrofoni ya nini? Ikusikilize unavyokoroma?"

"Ilisema bila kukubali haifunguki."

"Na mama umemwomba namba za nini?"

Akajifuta salfa kwenye nyusi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Sikuandika mimi."

"Nani sasa?"

"Iliandika yenyewe. Nilikuwa nimeishika hivi, skrini ikawaka, herufi zikaanza kujibonyeza moja moja. Ikamwandikia mama yako. Nikaiona inafungua zile sauti za hospitalini, moja baada ya nyingine, inazituma sijui wapi."

"Na wewe ukaangalia tu?"

"Simu ni yake," akasema. "Jina ni lake. Nikasema mjomba ana shida na mkewe, mimi ni nani nimzuie?"

Nilitaka kumtukana, nikashindwa. Tulikuwa watu wawili wazima kwenye ukungu, na wote tuliamini jambo lilelile, mimi kwa vipimo na yeye bila vipimo. Sauti za baba zilikuwa zimeondoka kwenye simu ile kwenda kwa watu tusiowajua, na hakuna nywila ya kuzirudisha. Nikaifuta simu yote pale kwenye kisiki, hadi ikawa mpya. Nikabadilisha nywila ya ruta. Nikamwonyesha binamu pa kutazama ruhusa, na kwamba faili likija kwenye kundi asilifungue hata likitoka kwa nani.

Nilirudi Masasi nikiamini nimemaliza. Sauti ziko salama, mama anazisikiliza, nakala ninazo mimi. Kazi zikanimeza.

Eda ya mama ilikuwa inakaribia mwisho aliponipigia shangazi wa Tandahimba, dada wa baba, analia. Kaka yake amemtumia ujumbe wa sauti. Si maandishi. Sauti. Amemwambia yuko matatani, amsaidie. "Ni yeye," akasema shangazi, "namjua kaka yangu, ni yeye kabisa." Nikamwambia asitume kitu, asijibu, na nikamweleza kwamba siku hizi ipo mitambo ambayo ukiilisha sauti ya mtu inajifunza, halafu inaweza kusema kwa sauti hiyo maneno ambayo mwenyewe hakuyasema kamwe. Shangazi akauliza, "Hata maiti?" Nikasema hata maiti. Akanikatia simu.

Nikapanda gari la Newala jioni hiyohiyo. Hasira niliyokuwa nayo sijawahi kuwa nayo maishani. Kumwibia mtu ni jambo moja. Kumchukua baba yangu kaburini na kumfanya ombaomba ni jambo jingine, na kama ningempata aliyefanya vile ningemng'ata.

Mama alikuwa kwenye mkeka. Nilimkuta ameshaupokea ujumbe wa kwake.

"Kaa," akasema. "Usinipigie kelele. Sikutuma chochote, na namba sikumpa mtu."

Akabonyeza. Sauti ya baba ikajaa chumbani. Ilikuwa yake, kikohozi chake kidogo mwanzoni, na ile lafudhi yake ya Kimakonde aliyoibeba hadi darasani. Ikasema: "Mke wangu. Nimekukumbuka sana, mke wangu. Ulinivumilia mambo mengi, na sikukushukuru."

Baba hakuwahi kumwita mama mke wangu. Alimwita kwa jina langu, Mama fulani, tangu nizaliwe, na kabla sijazaliwa nasikia alimwita "we". Wale watu walizichukua sauti zake zote, wakapata koo lake na pumzi zake, lakini walimtungia maneno ya watu wa mahali pengine.

"Mama, huyu siye," nikasema.

"Najua siye."

"Ni mashine. Wameitengeneza kwa zile sauti."

"Nimekwambia najua. Miaka yote niliyokaa na baba yako, unadhani simjui?" Akaufuta mkeka kwa kiganja, ingawa haukuwa na kitu. "Alikuwa ananiuliza habari za mbuzi."

Nikanyoosha mkono niichukue simu niufute ule uchafu. Mama akaihamishia upande wa pili, taratibu, bila ugomvi, kama unavyomwondolea mtoto kisu.

"Mbele huko anaomba pesa," akasema. "Sifiki huko. Nikifika kwenye 'sikukushukuru' nasimamisha."

Akanionyesha jinsi anavyosimamisha, kidole gumba kikisubiri juu ya skrini. Alikuwa amejizoeza. Halafu akairudisha mwanzo, akaiweka sikioni, akafumba macho.

Mimi nilikuwa na flashi mfukoni, na ndani yake baba yangu wa kweli, mwenye mbuzi na maji ya tangi. Nilikuwa nimemlinda yule. Nilitamani kumwambia mama kwamba kila akiusikiliza ule wa uongo, wale wezi wameshinda. Nilimtazama usoni nikashindwa. Nikasubiri amalize, nikamwomba simu kwa adabu, nikaifungia ile namba ya wezi isiweze kutuma kitu kingine. Ujumbe wenyewe nikauacha. Nikamrudishia simu yake, nikaenda uani kuwasha moto wa chai.